Maktaba Imefungwa Kupisha Semina

Wanafunzi wake walimwita Bi Kwanini, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Ukimwuliza swali, alikurudishia swali. Ukimwambia hujui, alikuuliza kwa nini hujui. Siku moja kijana wa viti vya nyuma aliomba ruhusa ya kutoka nje, akaulizwa, "Kwa nini?" Darasa zima liliangua kicheko. Bi Kwanini, ambaye kwa kweli alikuwa amelitamka neno lile kwa mazoea tu, alibaki ubaoni uso ukimwaka, asijue pa kuuficha.

Alikuwa mhadhiri msaidizi, bado mgeni kazini, na somo lake lilikuwa udongo. Usicheke. Wapo wanaodhani udongo ni uchafu wa kufuta viatuni, na watu hao Bi Kwanini hakuwavumilia hata kidogo. Aliweza kushika bonge la udongo mbele ya darasa, akalivunja taratibu kwa vidole, akalinusa, kisha akaeleza lilikotoka kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi.

Aliishi kwa kaka yake mkubwa, fundi bomba, katika nyumba ndogo ambayo kibaraza chake wifi alikuwa amekigeuza saluni. Kila jioni ilimbidi apite katikati ya vichwa vyenye povu ili aingie chumbani kwake, na kila jioni wifi alimtazama usoni kabla ya kumsalimia, kama mtu anayetazama mawingu kabla ya kuanika nguo.

"Leo nani kakuudhi, wifi? Wadogo au wakubwa?"

Maana hasira hazikumwisha. Alikasirishwa na chaki zisizoandika, na vyoo vya chuo visivyo na maji, na watu wanaosema "ndivyo ilivyo" kana kwamba hiyo ni sababu.

Alizaliwa na maswali. Mama yao, marehemu sasa, alikuwa mpishi wa shule ya bweni, na mtoto huyu alimfuata jikoni kama kivuli. Kwa nini kifuniko cha sufuria kinacheza? Kwa nini chumvi inayeyuka na mchanga hauyeyuki? Mama hakuwa na majibu, wala hakujidai kuwa nayo. Alisema maneno mawili tu: "Nenda ukaangalie." Kwa maneno hayo mtoto alikua, akasoma, akahitimu katika chuo cha mji mwingine, akarudi na imani moja, kwamba mtu hafundishwi bali hujifunza, na kwamba kazi ya mwalimu ni kumwambia aende akaangalie.

Ni imani nzuri. Ila aliikumbuka nusu, na nusu aliyoisahau nusura iwaangamize wanafunzi wake.

* * *

Somo la udongo lilikuwa na kitini. Kitini, kwa asiyepitia mambo ya chuo, ni karatasi za notsi za mwalimu zilizobanwa pamoja na kuuzwa katika kibanda cha fotokopi nje ya geti. Hiki kilikuwa na jalada la bluu, na aliyekiandika ni Mkuu wa Idara mwenyewe, zamani hizo alipokuwa bado na nywele. Kilikuwa kimetolewa fotokopi ya fotokopi hadi herufi zimevimba. Mchoro wa tabaka za udongo ulikuwa umegeuka doa jeusi, na wanafunzi, miaka nenda miaka rudi, walilichora vilevile kwenye mtihani. Doa jeusi. Na walipewa alama zote.

Juma lake la kwanza kazini Bi Kwanini alimwonyesha mwanafunzi mmoja ukurasa ule.

"Hiki ni nini?"

"Tabaka za udongo, mwalimu."

"Unaziona tabaka hapo?"

"Hapana, mwalimu. Lakini ndizo."

Alirudi nyumbani siku hiyo akifoka peke yake njia nzima. Kijana mzima, mwenye akili timamu na macho mawili, amefundishwa kutoyaamini macho yake! Nani alimfanyia hivyo? Na kwa nini watu wazima wenye shahada walikuwa wakisahihisha doa jeusi na kuweka alama ya vema bila mkono kusita?

Kesho yake alipiga marufuku kitini. Aliliambia darasa, "Kila mmoja achague kipande cha ardhi humu chuoni. Tafuta kitu kimoja usichokielewa kwenye kipande hicho. Halafu nenda ukaangalie. Jisomeeni. Katikati ya muhula mtakuja kunieleza."

Darasa lilitazamana. Kiongozi wao, kijana wa miwani waliyemwita Spika kwa kupenda kwake kusema kwa niaba ya watu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, tusome kitu gani hasa?"

"Kwa nini unaniuliza mimi?" alijibu Bi Kwanini, akatoka zake darasani kifua mbele.

Katikati ya muhula ikafika. Wa kwanza kusimama alikuwa binti mwembamba ambaye wenzake walimwita Fotokopi, kwa sababu alikuwa amekihifadhi kitini kizima kwa moyo, pamoja na makosa yake ya chapa. Alisimama na kopo la udongo mkononi, akafumba macho, akaanza:

"Udongo ni tabaka la juu la uso wa dunia lililotokana na kuvunjikavunjika kwa miamba..."

"Simama hapo hapo. Huo uliomo kwenye kopo umetoka wapi?"

Binti alifumbua macho. "Nyuma ya bweni letu, mwalimu. Chini ya kamba za kuanikia nguo. Nyasi hazioti pale."

"Kwa nini hazioti?"

"Kitini hakijasema, mwalimu."

Darasa lilicheka. Bi Kwanini hakucheka. Aliwasimamisha wengine, mmoja baada ya mwingine, na wote walikuja na udongo wao kwenye makopo na kitini kwenye ndimi zao. Hakuna aliyetaja hata kitabu kimoja. Ndipo lilipopasuka lile lililokuwa likimchemka moyoni.

"Ninyi ni wanachuo au makinda ya ndege? Mnakaa mdomo wazi mkingoja kuletewa mdudu! Maktaba ile pale, mnapita mbele yake kila siku mkienda kula. Vitabu vimejaa hadi dari. Nani kati yenu ameingia kutafuta? Nani?"

Fotokopi alikuwa bado amesimama na kopo lake. "Mwalimu, maktaba yenyewe..."

"Sitaki visingizio!"

Binti aliketi. Kopo aliliweka chini ya kiti taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha aibu.

* * *

Haikupita juma Mkuu wa Idara akamwita. Ofisi yake ilikuwa na feni inayozungusha joto lile lile na kabati lililojaa vitini vya bluu.

"Keti, mwanangu. Darasa lako limekuja hapa, na Spika wao mbele. Wanasema hufundishi."

"Nawafundisha kujifunza, mzee."

"Hilo ndilo walilolisema." Mzee alitabasamu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimwudhi Bi Kwanini zaidi, maana mtu mbaya ni rahisi kumkasirikia. "Wanafunzi wa siku hizi hawasomi, mwanangu. Ukimwacha ajisomee, umemwacha alale. Mimi nilijaribu zamani, nikachoka, nikaandika kitini. Sasa sikiliza. Wiki ijayo tuna semina. Baada ya semina, idara itakaa. Kama darasa lako liko hivi hivi, somo linarudi kwangu na kitini chake, na wewe tutakutafutia shughuli kule maabara. Vyombo vinahitaji mtu wa kuvitunza."

"Semina ya nini, mzee?"

"Ya kuhamasisha wanafunzi kujisomea," alisema Mkuu wa Idara, wala hakupepesa macho.

Jioni hiyo wifi hakuhitaji kutazama mawingu. Mvua ilikuwa imeshanyesha. Bi Kwanini aliketi kwenye benchi la saluni akamwaga yote: makinda ya ndege, binti wa kopo, Spika msaliti, maabara, doa jeusi.

"Wanataka kutafuniwa! Nimewaambia wajisomee, wanaenda kunishtaki! Hivi watu wazima hawa..."

"Dada," alisema mteja aliyekuwa ameinamisha kichwa kwenye beseni, povu likimfika nyusi, "huyo binti wa kopo, ulimwuliza kwa nini hakusoma kitabu?"

"Nilimwuliza."

"Akasemaje?"

"Nilimwambia sitaki visingizio."

Wifi aliacha kusugua kichwa cha watu. "Sasa hapo wifi yangu, uliuliza au ulipiga kofi?"

"Usinitanie, wifi."

"Sikutanii. Wewe ndiye Bi Kwanini wa mji mzima, halafu siku unapoletewa jibu unafunga masikio. Mimi mteja akiniambia kichwa kinamuwasha, siwezi kumwambia sitaki visingizio. Nitafukuza saluni nzima!"

Kaka yake alikuwa mlangoni akifungua viatu vyenye matope, anacheka chini chini. "Tatizo lako, mdogo wangu, unamnukuu mama vibaya."

"Mama alisema nenda ukaangalie."

"Alisema. Huku ameshakusogezea kigoda." Aliinua kiatu kimoja na kukielekeza hewani, kama vile jiko la shule lilikuwa pale mbele yao. "Wewe ulikuwa mfupi kama kinu, majiko yale yako juu. Ungeangalia nini? Matumbo ya sufuria? Alikusogezea kigoda, akakushika kiuno usije ukatumbukia, ndipo akasema nenda ukaangalie. Kigoda hukikumbuki?"

Hakukikumbuka. Alijaribu usiku kucha kukumbuka kigoda, na alichoweza kukumbuka ni kifuniko kinachocheza na mvuke usoni. Ndivyo tulivyo sisi tuliofanikiwa: tunakumbuka tulichokiona, tunamsahau aliyetuinua. Kisha tunawageukia walioko chini na kuwauliza kwa nini hawaoni.

* * *

Asubuhi alikwenda nyuma ya bweni la wasichana kumtafuta Fotokopi. Alimkuta amechuchumaa pembeni, mbali na kamba za nguo, mahali nyasi zilipokuwa bado nzima. Alikuwa na ndoo mbili. Aliinamisha moja, akamwagia maji nyasi za upande wa kulia. Akainamisha nyingine, akamwagia za kushoto. Katikati alikuwa amechomeka vijiti kama mpaka. Nyasi za kulia zilikuwa zimesimama. Za kushoto zilikuwa zimelala na ncha zake zimeungua rangi ya kahawia.

Bi Kwanini alisahau salamu. "Hii ni nini?"

Binti alishtuka, akaficha ndoo nyuma ya miguu. "Si kitu, mwalimu."

"Nimekuuliza vibaya. Shikamoo yako nitaipokea baadaye. Niambie, unafanya nini?"

"Hii ina maji matupu. Hii ina maji ya kufulia." Alisema haraka, kama mtu anayeungama. "Nilitaka kujua kama nyasi zinakufa kwa sabuni au kwa kukanyagwa. Huku hakukanyagwi. Naona ni sabuni. Ila na udongo wenyewe umekuwa mgumu, hata kijiti hakiingii, na hilo ndilo silielewi. Sabuni inalainisha nguo. Mbona inaugandisha udongo?"

"Nani alikuambia ufanye jaribio hili?"

"Hakuna."

"Na darasani kwa nini hukulisema?"

"Halimo kwenye kitini. Nilidhani ni mchezo wangu tu. Nilitaka kitabu kinieleze kama niko sawa, nikakosa, basi nikaona heri niseme lile linalojulikana."

"Lakini maktaba..." Bi Kwanini alijizuia. Alikumbuka kofi alilolitaja wifi. "Maktaba ina nini?"

Fotokopi alisimama. Alikuwa binti mpole, wa ndiyo mwalimu, hapana mwalimu. Lakini mpole akichoka, kaa mbali.

"Mwalimu, wewe huwa unaingia maktaba?"

"Kila wiki."

"Kwa mlango upi?"

"Ule wa ubavuni. Wa walimu."

"Basi hujaingia maktaba yetu." Alisukuma ndoo pembeni kwa mguu. "Umetuita makinda. Mbele ya wote. Njoo leo upite tunapopita sisi. Njoo bila kitambulisho chako, mwalimu, uone."

Alikwenda. Mlango mkuu wa maktaba ulifungukia ukumbi mpana wa meza na viti, na mwisho wa ukumbi palikuwa na ukuta wenye dirisha dogo la nondo. Nyuma ya nondo zile ndiko vitabu vilikokuwa. Dirishani aliketi mkutubi, ambaye chuo kizima kilimwita Bwana Shii kwa namna alivyonyamazisha watu. Hakuinua macho.

"Jina la kitabu."

"Natafuta kitabu kinachoeleza sabuni inaufanya nini udongo," alisema Bi Kwanini.

"Jina."

"Silijui jina. Naomba niingie niangalie kwenye rafu."

"Wanafunzi hawaingii rafuni. Leta jina, mwandishi, namba."

"Namba nitaipata wapi?"

Bwana Shii alinyoosha kalamu kuelekea pembeni. Kulikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cheupe kama maiti inayongoja ndugu zake.

"Inafanya kazi?"

"Inangoja fundi."

"Tangu lini?"

"Shii!" Ndipo alipoinua macho, na uso wake wote ukafunguka. "Aa, mwalimu! Kumbe ni wewe! Mbona unajitesa huku? Zunguka mlango wa ubavuni, karibu sana."

Hapo ndipo Bi Kwanini alipoelewa, na ingekuwa heri angepigwa kibao. Nusu ya muhula alikuwa amewaagiza watoto wa watu wakachote maji kisimani, na kisima kimetiwa kufuli, na yeye ana ufunguo mfukoni, na bado amesimama juu ya kilima akiwatukana kwa kiu yao.

Alizunguka. Alipita kati ya rafu ndefu, safi, zisizo na vumbi. Kitabu alichokitaka alikikuta kwenye safu ya chini, mahali ambapo asingefikiri kukitafuta. Alikifungua, mgongo wake ukalia kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Kurasa zilikuwa bado zimeshikana kingoni, kama zilivyotoka kiwandani.

"Unavitunza vizuri," alimwambia Bwana Shii, na hakukusudia kumsifu.

"Tangu tulipofunga rafu hakijapotea hata kimoja," alijibu mkutubi kwa fahari. Kisha akashusha sauti. "Zamani walikuwa wanaingia. Walichana kurasa, mwalimu. Kila kitabu kikipotea mimi ndiye ninayeandikiwa barua ya kujieleza. Mimi, si wao. Hakuna mtu aliyewahi kuniandikia barua kwa sababu kitabu hakikusomwa."

Kitabu kisichopotea kwa sababu hakisomwi ni sawa na mtoto asiyeanguka kwa sababu hajawahi kuwekwa chini. Lakini Bi Kwanini hakumwambia hivyo. Mzee yule aliogopa barua kama wanafunzi walivyoogopa mtihani, na wote wawili walikuwa na haki ya kuogopa. Hasira yake ilimpita Bwana Shii, ikaendelea mbele ikimtafuta anayeistahili.

* * *

Siku ya semina, mlango wa maktaba ulibandikwa karatasi. Ilisomeka hivi, na sijaongeza neno: *Maktaba imefungwa kupisha semina ya kuhamasisha wanafunzi kujisomea.*

Wanafunzi walikuwa wamekaa kwenye ngazi nje, vitabu vyao vya kuandikia mapajani, jua likiwachoma visogo. Ndani, kwenye meza zao, waliketi wahadhiri. Kila mmoja alipewa chupa ya maji, kalamu na jalada gumu jekundu, nene kama tofali, lenye karatasi za mada. Makamu Mkuu wa Chuo alifungua semina. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mpenda makofi.

"Changamoto yetu kubwa, ndugu zangu," alisema, "ni kwamba vijana wetu hawana utamaduni wa kujisomea. Wanataka kulishwa!"

Makofi. Mkuu wa Idara alipiga ya kwake kwa mdundo. Bi Kwanini aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Alinyoosha mkono. Mkuu wa Idara alimtazama na kutikisa kichwa polepole, na tafsiri yake ilikuwa wazi: idara inakaa mchana huu, mwanangu, na somo lako liko mezani.

Bi Kwanini alisimama.

"Mheshimiwa Makamu, naomba kuuliza. Kuna jambo lolote ambalo wewe mwenyewe ungependa kulijua, nje ya taaluma yako?"

"Mimi?" Makamu alicheka. "Mipapai yangu nyumbani inapukutisha maua kabla hayajazaa. Mama watoto anasema nimeilaani."

Ukumbi ulicheka naye.

"Naomba ukaazime kitabu cha mipapai, mheshimiwa. Dirisha lile pale. Kama mwanafunzi."

Mtu mwingine angekasirika. Lakini Makamu alipenda michezo mbele ya watu, na watu walikuwepo. Alikwenda dirishani akitikisa mabega. Nyuma ya nondo Bwana Shii alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikuwa ametokwa na jasho. Lakini amri ni amri, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ina watu wake.

"Jina la kitabu, mheshimiwa."

"Chochote cha mipapai."

"Jina, mheshimiwa. Na mwandishi. Na namba."

"Hebu nipishe niingie nikatazame."

"Mwanafunzi haingii, mheshimiwa."

Kicheko kilianza nyuma, kikafika mbele, kikafa. Maana Makamu alikuwa ameacha kucheka. "Sasa wewe bwana," alisema, "mimi nitajuaje jina la kitabu ambacho sijawahi kukiona?"

Nje kwenye ngazi mtu alipiga kofi moja.

"Hilo ndilo wanalotuuliza, mheshimiwa," alisema Bi Kwanini. Alikuwa amejiandaa kusema kwa utulivu, lakini utulivu haukuja. "Wanatuuliza kila siku, na sisi tunawajibu kwamba hawana utamaduni! Mimi nimewaita makinda ya ndege. Wako hapo nje wamekaa juani ili sisi tukae hapa tuzungumzie uvivu wao. Kuna binti darasani kwangu amefanya jaribio kwa ndoo zake mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, akaona aibu kulisema kwa sababu halimo kwenye kitini. Hakuhitaji kuhamasishwa. Alihitaji mlango."

Makamu alijifuta paji la uso. Alikuwa kiongozi, na akafanya kile wafanyacho viongozi. "Hoja nzito. Tutaunda kamati ichunguze."

"Ichunguze nini, mheshimiwa? Ufunguo uko mfukoni mwa mkutubi."

Watu wote walimgeukia Bwana Shii. Alishika mfuko wake kwa mikono miwili. "Na vikipotea? Nani ataandikiwa barua?"

"Niandikiwe mimi," alisema Bi Kwanini.

Makamu alitazama ngazi kupitia dirisha la nje, ambako nyuso zilikuwa zimebandikwa kwenye kioo. "Basi. Kwa majaribio. Alasiri tu, mpaka kamati itoe ripoti."

* * *

Idara ilikaa mchana ule ule, na haikumpongeza. Mkuu wa Idara alisema ameaibishwa mbele ya Makamu. Lakini baada ya yaliyotokea asingeweza kumnyang'anya somo siku hiyo hiyo bila watu kumnyooshea kidole, kwa hiyo alipata njia nyingine.

"Somo endelea nalo, mwanangu. Ila mtihani nitautunga mimi. Kutoka kwenye kitini."

Huko ni kumkata mtu miguu kisha ukamruhusu kukimbia. Bi Kwanini aliingia darasani akiwa ameukunja uso. Kwanza aliwaomba radhi kwa maneno ya makinda, kwa ufupi, akimtazama Fotokopi. Halafu akawaambia habari ya mtihani bila kuficha. "Mkitaka turudi kwenye kitini mpaka muhula uishe, sitawalaumu. Cheti ni chenu."

Spika alinyanyuka, akasafisha miwani yake kwa shati. "Mwalimu, kwa niaba ya darasa."

"Hatujakutuma!" mtu alipiga kelele.

"Nimejituma. Mwalimu, kitini tunakijua hata usingizini. Doa jeusi tutamchorea, tena tutalipaka wino liwe jeusi kabisa. Hilo ni la mzee. Lakini na vile vipande vyetu vya ardhi tunavitaka. Kile changu kina sisimizi, na sisimizi wale wananipa taabu."

"Na safari hii utuambie pa kuanzia," aliongeza Fotokopi, bila kunyoosha mkono. "Usituambie tu nendeni."

Alasiri walikwenda wote. Mlango wa rafu ulikuwa na tabia ya kujifunga wenyewe, na kila ulipojifunga Bwana Shii alishtuka na kushika mfuko wake. Bi Kwanini alitoa mkobani lile jalada jekundu la semina, akalisukuma kwa mguu chini ya mlango. Lilikaa barabara. Hadi leo kamati haijatoa ripoti, na jalada bado liko pale. Ndiyo kazi pekee ya maana ambayo semina ile iliwahi kufanya.

Mwanzoni walitembea kwa woga, mikono nyuma, kama watu walioingia chumba cha wageni. Aliwaonyesha namba za rafu zinavyokwenda, na namna ya kutafuta neno nyuma ya kitabu kabla ya kukisoma chote. Aliwaonyesha pia kwamba kitabu kinaruhusiwa kuwekwa chini kikikuchosha. Hilo la mwisho liliwashangaza kuliko yote. Baada ya muda mikono ilitoka mgongoni. Mtu alicheka peke yake kwenye kona. Wawili walianza kubishana kuhusu sisimizi, "Shii!" ikapaa juu ya rafu, wakabishana kwa kunong'ona.

Fotokopi alikuja na kitabu kimefunguka mkononi. "Mwalimu, hapa wanasema chumvi ya kwenye sabuni inazitenganisha chembe za udongo, zinajipanga upya, ndiyo maana udongo unakuwa mgumu. Sawa. Lakini huku nyuma ya jiko la chuo wanamwaga maji ya sabuni kila siku na nyasi zimestawi. Kwa nini?"

Bi Kwanini alifungua kinywa. Maneno ya mama yake yalikuwa tayari kwenye ulimi, yale mawili.

"Sijui," alisema. "Wewe unadhani tuanzie wapi?"

Binti alitazama rafu, kutoka chini kwenda juu, mpaka kwenye safu ya mwisho karibu na dari, ambako mkono wake usingefika. "Labda kule."

Bi Kwanini alikwenda kukisogeza kigoda cha maktaba. Alikisogeza mpaka mahali pake, akakikanyaga kwa mguu mmoja kisiyumbe, akampa binti mkono.

"Twende tukaangalie."